Zabbix, Prometheus au Icinga: kuchagua mfumo huria wa ufuatiliaji utakaoweza kuutunza ukiwa Mwanza

Mtu akiniuliza ni mfumo upi wa kufuatilia seva na mitandao ulio bora, mara nyingi huwa ameshaona grafu za mmojawapo kwenye skrini ya rafiki yake, na kilichobaki ni kutaka nimuunge mkono. Grafu za mifumo yote hii ni nzuri. Kinachoitofautisha hakionekani siku ya kuifunga. Huonekana mwezi wa nane, wakati toleo lenye kiraka cha usalama limetoka Alhamisi jioni, fundi aliyeufunga mfumo yuko Ukara kwenye msiba, na diski ya hifadhidata imejaa. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mafundi na wenye ofisi za kadiri wa kandokando ya Ziwa Victoria: viwanda vya samaki, maghala ya baridi, hospitali, vyuo, saccos na wauzaji wadogo wa intaneti, wenye seva kati ya tano na hamsini, tawi moja au mawili ng'ambo ya maji, na mtu mmoja au wawili wa kuvishughulikia vyote.

Nitaipima mifumo mitatu: Zabbix, Prometheus pamoja na Grafana, na ukoo wa Nagios, ambao kwa maoni yangu mwakilishi wake anayefaa leo ni Icinga. LibreNMS na Uptime Kuma nitazigusa mwishoni, kwa kuwa zipo kazi ambazo hizo mbili huzifanya vizuri kuliko wakubwa wao.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima ieleweke kwa nini usalama ndio kipimo changu cha kwanza. Seva ya ufuatiliaji inazijua anwani za mashine zako zote, inayajua matoleo ya programu zilizomo, inahifadhi maneno ya siri ya SNMP (lugha ya kusoma hali ya swichi, ruta na vifaa vingine vya mtandao) na ya hifadhidata, fayawoli zote zimeagizwa ziipitishe, na katika ofisi nyingi imepewa hata uwezo wa kuendesha amri kwenye mashine inazozikagua. Anayeiteka hahitaji tena kuzitafuta nyingine. Hata hivyo, ndiyo seva ambayo watu huisahau, kwa sababu haitoi ankara wala haimhudumii mteja yeyote, na ikizima hakuna anayepiga simu kulalamika.

Nani anaushikilia mradi, na kwa muda gani

Zabbix ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia mwaka 1998, ikatolewa hadharani mwaka 2001, na tangu 2005 iko chini ya kampuni iliyoko Riga ambayo inajiendesha kwa kuuza msaada wa kiufundi na mafunzo. Msimbo ni huria, lakini maamuzi ni ya kampuni moja. Wapo wasiopenda hali hiyo; mimi inanipa ratiba ninayoweza kuiandika ukutani. Toleo la 7.0 lililotoka Juni 2024 ni la msaada wa muda mrefu: linahudumiwa kikamilifu hadi Juni 2027, kisha linaendelea kupata marekebisho ya makosa makubwa na ya usalama hadi Juni 2029. Kwa fundi aliye peke yake, maana yake ni kwamba kazi nzito ya kuhama toleo inaweza kumfika mara moja tu katika miaka mitano, na katikati hapo anaweka viraka vidogo ambavyo havibadilishi muundo wa hifadhidata. Toleo hilohilo la 7.0 limehamishwa kutoka leseni ya GPL kwenda AGPL. Anayeutumia mfumo ofisini kwake hana la kuhofia. Anayeubadilisha msimbo wenyewe na kisha kuwauzia wateja huduma ya ufuatiliaji kupitia mtandao ndiye anayepaswa kuwapa wateja hao msimbo alioubadilisha.

Prometheus ilizaliwa mwaka 2012 ndani ya SoundCloud, kampuni ya muziki ya Berlin, ikatangazwa kwa umma mwaka 2015, na mwaka 2016 ikapokewa na CNCF, taasisi inayolea miradi ya aina hiyo, ikiwa mradi wa pili baada ya Kubernetes. Hakuna kampuni moja inayoimiliki, na leseni yake ya Apache haina masharti mengi. Huo ni uimara wa kweli: kampuni moja ikifa, mradi haufi. Tatizo ni mwendo wake. Toleo jipya hutoka takriban kila wiki sita, na hata yale yanayoitwa ya muda mrefu huhudumiwa kwa mwaka mmoja tu. Isitoshe, anayesema "nimefunga Prometheus" kwa kawaida amefunga programu nne: Prometheus yenyewe, Alertmanager ya kutuma arifa, node_exporter ya kusoma hali ya kila mashine, na Grafana ya kuchora. Kila moja ina kalenda yake na orodha yake ya mianya, na Grafana ni ya kampuni tofauti kabisa, ikiwa chini ya AGPL tangu 2021.

Nagios ndiyo babu. Ethan Galstad aliitoa mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, na likaja kubadilishwa mwaka 2002 kwa sababu ya mgogoro wa jina. Mwaka 2009 baadhi ya wachangiaji walioona kwamba mambo yanakwenda polepole mno walijitenga wakaanzisha Icinga, na mwaka 2014 wakatoa Icinga 2 iliyoandikwa upya kabisa kwa C++. Mwaka huohuo, mwezi Januari, kukatokea kisa ambacho kila mtunzaji wa mfumo angefaa kukijua: timu iliyokuwa ikizitunza programu-jalizi za Nagios iliamka ikakuta anwani ya tovuti yake imeelekezwa kwingine na wenye jina la Nagios, ikalazimika kuhamia jina jipya la Monitoring Plugins. Msimbo haukuibwa na hakuna seva iliyoanguka, lakini aliyekuwa akipakua kutoka anwani ileile ya zamani alianza kupokea kazi ya mikono mingine bila kujua. Tangu nilipokisoma kisa hicho, kabla ya kufunga kitu chochote huangalia kifurushi kinatoka hazina ipi na kimetiwa saini na nani.

Hapo hapo niiseme na habari ya xz. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya maktaba hiyo ndogo ya kubana mafaili yamepandikizwa mlango wa nyuma, na aliyeupandikiza ni mtu aliyekuwa amejipatia uaminifu wa mtunzaji wake, aliyekuwa amechoka na yuko peke yake, kwa zaidi ya miaka miwili ya uvumilivu. Mifumo mitatu ninayoilinganisha haitegemei mtu mmoja. Maktaba zilizo chini yake, baadhi zinategemea. Ndiyo maana sikimbilii toleo lililotoka jana isipokuwa limetoka kuziba mwanya.

Mianya iliyokwisha kuonekana

Mradi usio na mwanya uliotangazwa ni mradi ambao hakuna aliyeuchunguza. Kwa hiyo sihesabu mianya. Naangalia imetokea wapi na mradi ulifanya nini.

Zabbix ina sura ya wavuti kubwa iliyoandikwa kwa PHP, na madonda yake makubwa yako humo. Februari 2022 yalitangazwa maelezo kamili ya mwanya wa CVE-2022-23131 (CVE ni namba ya kuusajili kila mwanya): kwa waliokuwa wameruhusu kuingia kwa njia ya SAML, yaani kwa kuthibitishwa na mfumo mwingine, taarifa za kikao zilihifadhiwa upande wa mtumiaji bila kuhakikiwa, hata mtu asiye na nenosiri akaweza kuingia kama msimamizi. Siku chache baadaye shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, liliuingiza katika orodha ya mianya inayotumiwa na washambuliaji. Wa pili, CVE-2024-42327, ulikuwa mbaya zaidi kwa kipimo, 9.9 kati ya 10: mtumiaji yeyote wa kawaida mwenye ruhusa ya kutumia API (mlango wa programu nyingine kuzungumza na mfumo) aliweza kupenyeza amri za SQL, lugha ya hifadhidata, na kujipandisha cheo. Jambo la kujifunza ni tarehe. Mwanya huo ulitangazwa hadharani Novemba 2024, ilhali matoleo yaliyouziba, 6.0.32, 6.4.17 na 7.0.1, yalikuwa yametoka miezi kadhaa kabla. Aliyekuwa na desturi ya kuweka viraka kila mwezi alisoma habari ile akiwa tayari salama na bila kujua kwamba alikuwa hatarini. Aliyesubiri kuogopeshwa ndipo afanye kazi alikuwa wazi muda wote huo.

Kwa Prometheus, msimbo wenyewe una sifa nzuri. Ulikaguliwa na kampuni ya Cure53 mwaka 2018 kwa gharama za CNCF. Udhaifu wake uko katika falsafa. Kwa miaka mingi watengenezaji walisema wazi kwamba kila anayeweza kuifikia kwa HTTP anahesabiwa kuwa anaaminika, na kwamba kumzuia ni kazi yako. Uwezo wa kuweka TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, na nenosiri uliongezwa katika toleo la 2.24, Januari 2021, na hadi leo hauwashwi mpaka uuwashe mwenyewe. Matokeo yake, Desemba 2024 watafiti wa Aqua Security walitangaza kwamba wameona seva na ekspota (programu kama node_exporter) za Prometheus zaidi ya 300,000 zikiwa wazi kwenye intaneti. Node_exporter iliyo wazi humwambia mpita njia toleo la kerneli, majina ya diski, kadi za mtandao na saa ambazo mashine hulemewa. Haimpi funguo, lakini inamchorea ramani ya nyumba.

Grafana nayo ilipata jeraha lake Desemba 2021, CVE-2021-43798: kuanzia matoleo ya awali ya 8.0 hadi 8.3.0, mtu aliweza kusoma faili lolote la seva bila hata kuingia, kwa kuandika njia ya faili kwa ujanja kwenye anwani. Viraka vilitoka tarehe 7 mwezi huo, haraka kweli, maana namna ya kuutumia mwanya ilikuwa imekwisha kuvuja.

Icinga ilipatwa Novemba 2024 na CVE-2024-49369, kosa katika kuhakiki vyeti lililokuwapo tangu toleo la 2.4.0, ambalo lingemwezesha mtu kujifanya mashine inayoaminika. Nililoheshimu ni kwamba viraka vilitolewa kwa matawi ya zamani pia, tangu 2.11 hadi 2.14, kwa hiyo aliyekuwa nyuma hakulazimishwa kuhama toleo usiku wa dharura. Kuhusu Nagios yenyewe, tahadhari kubwa ni NRPE, ajenti wake wa zamani (programu ndogo inayokaa kwenye mashine inayokaguliwa) wa poti, yaani mlango wa mtandao, namba 5666, hasa pale mtu alipowasha mpangilio unaoruhusu kupokea vigezo vya amri kutoka nje. Mpangilio huo unaitwa dont_blame_nrpe, na mwenye kuupa jina hilo alikuwa ameshakuonya kwamba usije ukawalaumu wao.

Kwa kipimo hiki naiweka Icinga mbele kidogo, Zabbix ya pili, na Prometheus ya tatu. Si kwa ubovu wa msimbo wake, bali kwa sababu inamdai mtumiaji awe amejua mengi kabla hajaanza.

Milango ya kufunga siku ya kwanza

Nimewahi kuitwa na ofisi moja upande wa Ilemela ambako Zabbix ilikuwa imefungwa na mtu wa nje, ikaachwa wazi kwenye intaneti, na jina la kuingilia lilikuwa Admin na nenosiri zabbix, kama yanavyotoka kiwandani. Haikuhitaji mshambuliaji mwerevu. Grafana nayo hutoka na admin kwa admin kwenye poti 3000; inakuomba ubadilishe unapoingia mara ya kwanza, lakini inakuruhusu kuruka.

Tofauti ya msingi iko katika mawasiliano kati ya seva na ajenti. Icinga 2 hutumia TLS tangu mwanzo kwenye poti 5665, na seva kuu ndiyo inayotia saini vyeti vya mashine nyingine; huwezi kuiunganisha bila usimbaji hata ukitaka. Zabbix, kwenye poti 10050 na 10051 (na anayesikia "poti" hapa Mwanza akafikiria meli asinilaumu), huzungumza wazi mpaka umwekee kila ajenti ufunguo wa pamoja au cheti, uwezo uliokuwapo tangu toleo la 3.0. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mashine, na ndiyo maana wengi huiahirisha mpaka isifanyike kabisa. Kwa upande mwingine, tangu toleo la 5.0 ajenti wa Zabbix hukataa kuendesha amri za mfumo zinazotoka kwenye seva mpaka umruhusu kwa AllowKey, na ushauri wangu ni kwamba usimruhusu kamwe kwenye mashine yenye fedha au taarifa za wagonjwa. Prometheus ina poti nne za kukumbuka, 9090, 9093, 9100 na 3000, na zote nne ziwekwe nyuma ya WireGuard (njia binafsi iliyosimbwa, yaani VPN) au fayawoli. Sura ya wavuti ya mfumo wowote kati ya hii haina sababu ya kuonekana kutoka nje.

Na kwa wote watatu, swichi na ruta zilizoachiwa neno la "public" katika SNMP toleo la 2 zinaubomoa usalama wote uliojengwa juu yake. Vifaa vingi vya miaka hii vinaweza toleo la 3 lenye usimbaji. Ni kuwasha tu.

Mawasiliano yakikatika ng'ambo ya maji

Kipimo hiki hukosekana katika ulinganisho unaoandikwa na watu ambao matawi yao yote yako katika kituo kimoja cha data, na kwetu ndicho kilichonifanya niamue. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwenda Sengerema kurekebisha kifaa kukawa jambo la asubuhi moja. Nansio, kisiwani Ukerewe, bado ni meli ya saa tatu hivi kutoka mjini, au barabara ya Bunda hadi kivuko cha Kisorya, na hali ya ziwa ndiyo inayoamua unarudi lini. Mfumo unaokulazimisha uende kila unapojikwaa haukufai, hata ukiwa wa bure.

Prometheus huvuta data: seva yako mjini inaiendea ekspota kisiwani kila baada ya sekunde kadhaa na kusoma. Mkongo wa mawasiliano ukikatika, hakuna anayesoma, na saa hizo haziandikwi popote, linabaki pengo. Dawa yake ni kufunga Prometheus nyingine kisiwani na kuiagiza isukume data kuja mjini, lakini mpokezi akikosekana kwa zaidi ya saa mbili hivi, kilichokuwa kikisubiri kutumwa hakitumwi tena, ingawa nakala inabaki kwenye diski ya kisiwani na unaweza kuisoma ukiifikia.

Icinga ina seva ndogo za matawini ambazo huendelea kukagua zenyewe na kuweka kumbukumbu, kisha huirudia kwa seva kuu mawasiliano yakirudi. Kwa kawaida hutunza siku moja, na unaweza kuongeza.

Zabbix ina proksi. Hii ni programu ndogo unayoiweka tawini, inakusanya data ya mashine zote za hapo, inaihifadhi, na kuituma kwa mkupuo. Inaweza kuwa ndiyo inayoanzisha muunganisho kuja mjini, kwa hiyo huhitaji kufungua poti yoyote upande wa tawi, jambo linalosaidia sana unapotumia modemu ya kampuni ya simu isiyo na anwani ya kudumu. Lakini nisiifiche aibu yangu. Ghala la baridi la kwanza nililolifungia proksi Nansio lilikaa saa tano bila mawasiliano, usiku, na mwenye ghala alitaka kuonyesha kwamba sangara wake hawakupanda joto. Nilifungua grafu nikijiamini. Kulikuwa na saa moja ya mwisho tu. Nne za mwanzo hazikuwapo. Mpangilio wa ProxyOfflineBuffer hutoka ukiwa saa 1, nami sikuwa nimeugusa. Sasa huuweka saa 72, na unaweza kufika hadi 720.

Yako mengine mawili niliyojifunza baada ya hapo. Tangu 7.0 proksi inaweza kuiweka data kwanza kwenye memori badala ya diski ili iende kasi. Umeme ukikatika ghafla, kilichokuwa kwenye memori kimepotea, kwa hiyo matawini mimi huichagua diski na kuvumilia polepole yake. La pili ni saa ya kifaa. Wengi tunatumia Raspberry Pi kama proksi kwa kuwa haili umeme, lakini nyingi kati ya hizo hazina betri ya saa. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, Pi huendelea na saa ile iliyokuwa nayo ilipozimika, na joto la saa kumi alfajiri linaandikwa kuwa la saa saba usiku. Kijimoduli cha saa chenye betri hugharimu kidogo kuliko nauli ya kwenda kueleza kwa nini grafu inasema uongo. Na tumia diski ya SSD. Kadi ndogo ya kumbukumbu haitadumu na hifadhidata inayoandika usiku na mchana.

Kazi ya kila mwezi

Prometheus ndiyo rahisi kuipandisha toleo: programu moja, unabadilisha faili, unaiwasha tena. Mipangilio yote ni maandishi, kwa hiyo inakaa kwenye Git na unajua nani alibadilisha nini. Huhifadhi data siku 15 usipoiambia vinginevyo, na kwa hiyo mara chache hujaza diski. Gharama yake ni zile kalenda nne, pamoja na lugha ya PromQL ambayo fundi mpya hataizoea kwa wiki moja. Fundi wako akihama, mrithi wake ataanza kwa kusoma.

Icinga nayo hupendelea maandishi, ingawa ina sura ya Director kwa wasioyapenda. Angalia mfumo wa uendeshaji kabla ya kuamua: vifurushi rasmi vya Debian na Ubuntu hupatikana bure, lakini vya Red Hat Enterprise Linux vinahitaji usajili wa kulipia. Msimbo ni huria. Kazi ya kukufungia vifurushi ndiyo inayouzwa.

Zabbix huongozwa karibu yote kwa kubofya, na hilo ndilo linalofanya mhasibu au muuguzi wa zamu aweze kuelewa skrini yake. Bei yake hulipwa kwenye hifadhidata. Usipopanga mapema muda wa kutunza historia, au usipotumia hifadhidata ya PostgreSQL yenye TimescaleDB, nyongeza ya kutunza data inayokwenda na muda, itafika siku kazi ya kufuta data ya zamani inakuwa nzito kuliko ya kupokea mpya. Kuhama toleo kubwa hubadilisha muundo wa hifadhidata na hakuna njia ya kurudi ila kwa nakala rudufu, na nakala ambayo hujawahi kuirejesha kwenye mashine nyingine ukaona inawaka usiihesabu. Mimi hufanya zoezi hilo kila baada ya miezi mitatu kwenye mashine pepe, na mara mbili nimekuta nakala iliyokuwa ikiandikwa kila usiku bila kosa lolote haina jedwali la watumiaji.

Nani achukue upi

Ofisi yenye matawi ng'ambo ya maji, vifaa vya aina mchanganyiko, na fundi mmoja au wawili, ichukue Zabbix 7.0, proksi moja kila tawi, ufunguo kwa kila ajenti, na sura ya wavuti nyuma ya WireGuard. Nasema hivi nikijua kwamba kwa usalama wa kutoka kiwandani Icinga inaishinda. Proksi na miaka mitano ya viraka ndivyo vilivyonigeuza.

Kampuni changa ya programu pale mjini, yenye watengenezaji wanaoandika huduma zao wenyewe na kuziendesha kwenye kontena za programu, haina sababu ya kuikwepa Prometheus. Huduma zao zitatoa vipimo kwa lugha ambayo Prometheus inaielewa, na watu wa kufuata matoleo ya kila wiki sita wanao.

Icinga naipendekeza kwa aina mbili za watu: wenye Nagios ya zamani yenye hati nyingi za ukaguzi walizojiandikia, maana hati hizo zitaendelea kufanya kazi karibu zote bila kuguswa, na wale ambao mkaguzi wao wa usalama anataka vyeti kila mahali tangu siku ya kwanza. Kuendelea na NRPE ya zamani kwa sababu "haijawahi kusumbua" sikuungi mkono.

Muuzaji mdogo wa intaneti ambaye mali yake yote ni ruta, swichi na minara atazame LibreNMS kwanza. Ilijitenga na Observium mwaka 2013, inazitambua aina nyingi mno za vifaa kwa SNMP yenyewe tu, na hati yake ya kila siku hujipandisha toleo bila kuombwa. Kujipandisha huko kuna hatari zake, lakini kwa mtu anayejijua kwamba hataweka viraka kwa mkono ni heri hatari hiyo kuliko ile nyingine.

Uptime Kuma, kazi iliyoanzishwa na Louis Lam mwaka 2021, ni ndogo na inategemea sana mwanzilishi wake, kwa hiyo siipi funguo za kitu chochote. Inanitosha kwa jambo moja. Naiweka kwenye mashine ya bei ndogo kabisa nje ya Mwanza, haina neno la siri la mteja wala ruhusa ya kuingia popote, na kila dakika inangoja ishara kutoka kwenye Zabbix yangu. Ishara isipofika kwa dakika tano, simu yangu inalia, nami najua kwamba aliyezima safari hii ni mwangalizi mwenyewe.